Mwanamke Aliyekunywa Maji Yangu

Debora mwanangu,

Barua huanzwa kwa salamu na kuulizana afya. Mimi nikuulize afya ya nini? Jioni hii tumekula ugali na mboga ya kunde sufuria moja, nimekuona ulivyobakiza, na sasa nakusikia unavyojigeuza kitandani upande wa pili wa ukuta, kwa sababu mwenye tumbo kama lako hapati upande wa kulalia. Afya yako naijua. Yangu ni hii: nina hasira. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo ukikuta matundu usidhani ni panya.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Unanijua, mdomo wangu ukishaanza kazi hauna breki. Nikikuamsha sasa nitapiga kelele, baba yako ataamka, atakaa kwenye kigoda chake na kutazama chini kama kawaida yake, na hakuna la maana litakalosemwa. Barua hii nitaitia kwenye kikapu chako uisome ndani ya basi, mkishapita geti la Ngorongoro na baridi ya kule juu ikianza kukuingia. Mambo ya kuvaa sweta, ya kutokunywa maji ya njiani, ya kuzungumza vizuri na kondakta ili akuweke mbele, hayo umeambiwa na kila mtu. Mimi nataka nikwambie kwa nini unaondoka, maana naona kila mtu hapa ana jibu lake, na hakuna hata moja la kweli.

Siku ile alipokuja baba yako mkubwa Safari, wewe ulikuwa umekwenda mashineni kusaga. Hakuingia ndani. Mzee wa kanisa, kaka wa baba yako, mtu aliyekupakata siku ya ubatizo wako, alisimama pale uani karibu na zizi, fimbo mkononi, akakataa kiti. Nikamletea maji. Akasema, "Asante, Mama Debora, nimetoka kunywa." Amepanda kilima chote kile, jua lile, eti ametoka kunywa! Hapo hapo nikajua kilichomleta.

"Shemeji," nikamwambia, "sema."

"Ng'ombe wangu yule mwekundu ametoa ndama mfu."

"Pole sana."

"Wewe ni mtu mzima, Mama Debora. Mambo mengine hayahitaji kuelezwa."

"Ndama amekufa kwa sababu ya tumbo la Debora?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema ng'ombe ametoa ndama mfu."

Lo! Mwanamume mzima. Nikamwacha aendelee. Akasema binti aliyebeba mimba nyumbani kwa baba yake hazalii hapo, yeye anajua, mimi najua, hata Mungu anajua kwamba ukoo una utaratibu wake. Akasema zamani binti kama wewe angefukuzwa akajifungulie porini, au angepelekwa mbali kwa wale wafugaji Wamang'ati asirudi tena, lakini sisi si watu wa zamani, sisi tumebatizwa, sisi tunakutafutia mahali pazuri. Utajifungua huko, mtoto ataota meno, halafu utarudi, na kanisa litakuombea. Alisema hayo yote kwa sauti ya upole sana, ile sauti anayosomea matangazo Jumapili. Kisha akaniwekea methali juu yake: "Mchuma janga hula na wa kwao. Unataka tule wote?"

Na mimi nikakubali. Mimi, mwenye mdomo huu! Nikajibu, "Nitatafuta mahali." Akaondoka ameridhika, na yale maji niliyomletea nikayamwagia kuku.

Ngoja nieleze jambo hili kwa urefu, si kwa ajili yako, bali kwa ajili ya huyo uliyembeba, siku akijua kusoma. Sisi Wairaqw tuna neno metimani. Ni uchafu usioonekana kwa macho. Unamshika mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga, unaishika nyumba iliyofiwa, unamshika binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Ukishakushika, atakayekula nawe, atakayekunywa nawe, atakayechukua moto jikoni kwako, naye umemshika, na mwisho wake, wanasema, ni kifo. Kwa hiyo unatengwa. Hutembelei mtu, hutembelewi. Ng'ombe wako hawachungwi na wa wenzako. Unakaa hivyo mpaka wazee waseme imetosha.

Wewe unakumbuka. Ulikuwa unaanza kung'oka meno ya mbele. Ndiyo kwanza tumehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama shule. Zamani tulikuwa tunaishi kila mtu kilimani kwake, na aliyetengwa alikuwa hata haoni wanaomtenga. Serikali ikatuleta karibu ili tusaidiane, tupate bomba, tupate zahanati. Tukasaidiana kweli! Mdogo wako Emanueli alipokufa, hata shingo ilikuwa haijakaza, nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kwenye ule mstari, na watu wakahamisha njia. Njia ilikuwa inapita mlangoni kwetu. Baada ya siku chache majani yalianza kuota pale, na njia nyingine ikachimbika kwa miguu upande wa juu, kwenye shamba la mtu. Walikuwa radhi kukanyaga mahindi yao kuliko kukanyaga mbele ya mlango wangu.

Bombani nikakatazwa. Nilikuwa nashuka kule bondeni, chini kabisa, mahali ambapo ng'ombe wameshapita, nachota matope. Baba yako alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya kahawa Oldeani. Habari zikamfikia huko kabla hajaambiwa na mimi, na wenzake waliokuwa wanapika pamoja naye wakaitupa sufuria yake nje, na blanketi lake juu yake. Akarudi nyumbani bila mshahara na bila neno. Ndiyo maana leo nikimuuliza kuhusu wewe anasema tu, "Mimi nilishatupiwa sufuria yangu mara moja." Usimchukie. Aliumia mahali ambapo mwanamume hajui kuonyesha.

Sasa nikwambie ya kwangu. Unadhani nilikasirika wakati ule kama ninavyokasirika leo? Hata kidogo. Nilikubali. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo linalonichoma kuliko yote waliyonifanyia. Nilikubali kwamba mimi ni mchafu. Nilijisugua kwa majivu mpaka ngozi ya mikono ikapasuka. Mganga akaja usiku, maana mchana aliogopa kuonekana kwangu, akasema kuna kitu cha majini, pepo wa mtoni, kimenifuata tangu nilipokuwa msichana na ndicho kilichomla mtoto. Akataka kondoo mweusi, akapewa. Akaniachia dawa chungu ya kutafuna, nikatafuna, na matumbo yakaniuma kama ya kuzaa. Na kile kilio cha Emanueli nilichokuwa nakisikia kila jua likizama hakikunyamaza. Nilikuwa nainuka kwenda kumnyonyesha, nafika kwenye kitanda, naona blanketi tupu.

Na siku ile ulipotoroka ukaenda kucheza na watoto wa Mama Boay, nilikuchapa. Unaikumbuka ile fimbo? Wale watoto walikukimbia, ukarudi unalia, na mimi badala ya kukufuta machozi nikakuchapa, nikikuambia utawaua watoto wa watu. Mtoto wa umri ule! Nilikufundisha kwa fimbo kwamba mwili wako ni sumu. Sasa watu wanashangaa kwa nini Debora amekubali kuondoka bila kubisha, kwa nini amefunga mzigo kimya kimya. Mimi sishangai.

Halafu akaja Rebeka.

Wewe unamwita Mama Yeremia. Ni mtu wetu, Mwiraqw wa Mbulu, metimani alinyonya pamoja na maziwa ya mama yake kama sisi sote. Mumewe alikuwa ndiyo kwanza ameletwa kijijini kwetu kuwa mwinjilisti. Mimi nilikuwa nimebatizwa, ndiyo, baba yako pia, lakini ubatizo wetu ulikuwa wa jina na picha ya ukutani. Tangu mtoto afe, hakuna hata mmoja wa kanisani aliyefika. Baba yako mkubwa Safari alisimama barabarani akaimba ubeti mmoja wa pole, kwa mbali, akaenda zake.

Ilikuwa mchana kweupe. Nilimwona Rebeka anakuja kwa ile njia iliyoota majani, mtoto mgongoni, na wanawake wote waliokuwa bombani wamesimama wanamtazama. Nikatoka nikampigia kelele, "Rudi! Huku kuna matatizo!" Akaendelea kuja. Nikamwambia, "Mama, una mtoto mchanga, rudi!" Akafika, akainama mlangoni, akaingia. Akakaa kwenye kigoda. Mimi nikasimama ukutani, nimejibana, nisimguse.

"Nina kiu," akasema.

"Sina maji ya kumpa mtu."

"Yale kwenye kibuyu ni ya nini?"

"Ya kwangu."

"Nipe hayo."

Sikumpa. Akainuka akajichukulia mwenyewe, yale maji ya matope, akamimina kwenye kata, akanywa. Maji yalimwagika kifuani. Nikafikiri labda huyu ni mmoja wa watu wasiojua, au amerogwa, nikamuuliza, "Wewe huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. "Usiku wa jana sikulala."

"Sasa kwa nini umekunywa?"

"Kwa sababu nikitoka humu bila kunywa, itabidi niache kusema kwamba Yesu ni Bwana. Na mimi sina kingine cha kusema."

Sijapata kusikia mahubiri mengine tangu siku ile. Wamekuja wahubiri wenye vipaza sauti, wamekuja na jenereta, wametoa mapepo uwanjani mpaka vumbi likatanda, na wengine wao baada ya mkutano walikataa kulala nyumba iliyokuwa na msiba. Wote siwakumbuki. Nakumbuka maji yaliyomwagika kifuani kwa Rebeka.

Halafu akamfungua mtoto mgongoni, huyo Yeremia, akaninyooshea. "Mshike."

"Nitamuua!"

"Mshike, mama."

"Nimemuua wa kwangu, nitamuua na wako!"

Akamweka mikononi mwangu kwa nguvu. Mtoto mzito, wa moto, ananuka maziwa. Nilidhani atakauka pale pale. Akanitazama, akanikojolea. Nikaanza kulia. Tangu mazishi nilikuwa sijalia, maana walinikataza kulia kwa sauti, nikalia mpaka wewe uliyekuwa umejificha nyuma ya ghala ukatoka ukaja kunishika sketi. Rebeka akaniwekea mkono kichwani, akaomba maombi mafupi tu, sauti ya kawaida kama mtu anayezungumza na mzazi wake: huyu ni wako, hofu hii si yako, mfungue. Usiku ule kile kilio hakikuja. Nililala mpaka ng'ombe wakalia wakitaka kukamuliwa.

Sikupona siku moja, nisikudanganye. Hofu ni kama kupe, unang'oa mwili, kichwa kinabaki ndani. Siku nyingine niliamka nikiwa na uhakika kwamba Yeremia amekufa, nikasimama mlangoni mpaka nimwone Rebeka anakuja naye. Na alikuja kila siku, huku yeye mwenyewe sasa ametengwa. Kwenye ibada ya mumewe walibaki wao wawili na kunguru. Shuka lake lililoanikwa kwenye ua likaguswa na mtu kwa mti, likaangushwa. Alikuwa anacheka, halafu analia, halafu anakuja.

Siku niliyokwenda bombani nilikwenda peke yangu. Nilitaka iwe hivyo. Wanawake wakatoa ndoo zao mbio, wengine wakaziacha. Nikaweka yangu. Nikafungua koki. Mama Boay akanipigia kelele, "Unataka kutumaliza!" Nikasema kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika, "Yesu amenisafisha. Kama hamwamini, msinywe, mbaki na kiu." Nikajaza ndoo, nikajitwisha, nikaondoka. Nyuma yangu koki iliendelea kutiririka, hakuna aliyethubutu kuifunga. Njiani nilikuwa naimba, na siku zile nilikuwa sijui wimbo mzima hata mmoja.

Nani alikufa? Hakuna aliyekufa. Yeremia ni kijana wa kuchunga sasa. Mdogo wako Yohana alizaliwa mwaka uliofuata, na huyo amelala hapo na vidonda vyake vya magoti. Mama Boay mwenyewe alikuja kuniomba chumvi msimu wa njaa. Kidogo kidogo wakarudi, njia ikarudi mlangoni kwangu, kanisa likajaa. Na leo tunapiga magoti pamoja kwenye chakula cha Bwana, kikombe kimoja kinapita midomoni mwetu sote, mimi, Mama Boay, Safari, wote.

Hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Kikombe kimoja! Miaka yote hii tumekunywa kikombe kimoja, nikadhani wameamini, kumbe walikuwa wamenizoea tu. Metimani hawakuitupa, waliiweka darini. Binti yangu alipopata mimba wakapanda wakaishusha, wakaipangusa vumbi, wakaivalisha kanzu. Sasa haiitwi metimani, inaitwa nidhamu ya kanisa. Jumapili ile ulipotangazwa, jina lako na jina la baba yako, ukaambiwa uhamie benchi la nyuma karibu na mlango, mimi nilikuwa nakutazama. Waliokuwa kwenye lile benchi waliinuka wote. Kwa nini waliinuka, kama ni nidhamu tu? Dhambi inaambukiza kwenye ubao?

Na yule mwenzako! Yule kijana wa hoteli ya watalii kule ukingoni mwa kreta, mwenye viatu vya kung'aa, Jumapili hiyo hiyo alikuwa mbele, kwenye kwaya, anaimba besi. Aliulizwa faraghani, akakana, basi, yakaisha. Tumbo halimwoti yeye. Kesho utapita mbele ya hoteli yake na basi hilo, na atakuwa amesimama pale na kofia yake anawafungulia Wazungu milango ya gari. Mkuki kwa nguruwe! Hakuna hata mzee mmoja aliyeuliza kama ng'ombe wake Safari alitoa ndama mfu kwa sababu ya besi.

Sisemi kwamba ulifanya vizuri. Ulikosea, na uliniambia mwenyewe kabla tumbo halijaonekana, ukalia kwenye magoti yangu, tukaomba wote wawili. Hilo limekwisha. Dhambi husamehewa, mwanangu, ndiyo maana Bwana alikuja. Lakini hii yao haisamehewi, inahamishwa tu, inasukumwa kutoka mlango huu kwenda mlango ule, kutoka hapa Karatu kwenda huko Soitsambu unakopelekwa, ili imkute mwingine. Walikuja kwangu kwa ajili ya mtu aliyekwisha kusamehewa, wakaniambia nimwondoe.

Na mimi nikatafuta mahali. Sasa nakuandikia jambo ambalo sijakuambia.

Nilijiona mjanja. Nikasema, simpeleki kwa Wamang'ati, simpeleki porini, nampeleka kwa Rebeka. Mumewe alihamishiwa Soitsambu kuwahubiria Wamasai, wana nyumba, kuna maziwa, hospitali ya Wasso si mbali sana kwa gari likipatikana. Rebeka ananipenda, hatakataa. Nikamtuma kondakta wa basi la Wasso, yule mrefu anayependa kutafuna miwa, apeleke ujumbe. Juzi amerudi. Alisimama dirishani mwa basi, akatema makapi ya muwa, akasema, "Mama, yule mama wa Soitsambu anasema kitanda kipo, maziwa yapo, binti aje hata leo. Halafu anauliza, ni mama yake mwenyewe ndiye anayemtoa?" Akacheka, kwa sababu kwake yalikuwa maneno tu ya wanawake.

Nilimkasirikia Rebeka siku nzima. Nilipalilia mpaka nikakata mahindi yenyewe. Nikasema, anajua nini yeye, amekaa huko na Wamasai, hana shemeji mzee wa kanisa, hana mume aliyetupiwa sufuria. Nikasema, mimi namlinda binti yangu. Atakwenda mahali ambapo hakuna atakayemhamishia njia. Namlinda!

Nimeanza barua hii nikiwa bado nasema hivyo. Nimeandika mpaka hapa, nimeisoma tena kuanzia juu, na naona aibu, kisha naona hasira, na safari hii hasira yenyewe ni kwangu. Mwanamke yule alikuja kwenye nyumba yangu kwa njia iliyoota majani, akiwa na mtoto mgongoni, akiwa na hofu, ili niache kuwa mtu wa kutengwa. Na mimi namtumia huyo huyo awe mahali pa kukutengea wewe. Nilimwacha Safari aniambie mchuma janga hula na wa kwao, nikashindwa kumjibu, na jibu lilikuwa ndani ya methali yenyewe. Na wa kwao, shemeji! Na wa kwao. Haisemi anapelekwa Soitsambu akale peke yake.

Kwa hiyo Debora, nilivyokwambia mwanzo kwamba utaisoma ndani ya basi, futa. Utaisoma hapa.

Ukiamka hutanikuta. Kabla hakujapambazuka nakwenda kwa baba yako mkubwa, nimkute kabla hajaanza kukamua. Nitaingia ndani kwake, nitakaa, nitaomba maji, na nitakunywa kwenye kikombe chake mbele yake, kisha nitamwambia mtoto wa Debora atazaliwa nyumbani kwa babu yake. Na Jumapili lile benchi la nyuma tutalikalia wawili, na mwenye miguu ya kuinuka ainuke. Baba yako nimemwamsha sasa hivi nikamwambia. Amekaa kwenye kigoda, halafu akasema, "Hata mimi nakuja kwa Safari." Sasa anatafuta viatu vyake.

Sikuahidi raha. Watatuondokea bombani, pengine. Ng'ombe akifa, kijiji kizima kitasema ni wewe, na ng'ombe hufa kila mwaka. Na kuzaa ni kuzaa, wewe ni wa kwanza, uchungu ukianza tutakwenda zahanati kama wanawake wote, mchana, kwa barabara kuu. Kama, Mungu apishe mbali, mtoto huyu hataishi, tutamlilia kwa sauti, ndani ya nyumba yetu, mlango wazi, na atakayetaka kuja kulia na sisi aje. Mimi pia naogopa. Lakini Rebeka alikunywa hivyo hivyo.

Kama wewe mwenyewe unataka kwenda Soitsambu, sitakuzuia. Uniambie ukinitazama usoni, "Mama, nataka," nami nitakusindikiza mpaka kwa Rebeka na kurudi nawe siku utakayotaka. Ila kama ulikuwa unaondoka kwa ajili yetu, ili tusife, sisi hatufi.

Mzigo wako nimeufungua. Kule chini kabisa, chini ya khanga, nimekuta vijinguo vya mtoto ulivyoshona bila kumwambia mtu, na kile kikofia cheupe. Umeshona vizuri, mshono hauonekani. Usivitafute. Nimevianika mbele ya nyumba, upande wa njia.

Mama yako